"Hii Inaweza Kufuta Waranti Yako!": Maonyo Kabla ya Kugusa Mipangilio ya Programu

Kuna swali moja limekuwa likinifuata kwa sura tofauti tofauti: "Kaka, nimeambiwa niandike about:config kwenye Firefox nibadilishe vitu fulani ili intaneti ikimbie, lakini linatokea onyo. Niendelee au niache?" Nimelijibu kwa mkato mara nyingi sana, leo nalijibu kwa kirefu. Wale ambao dakika zao za kafe zinayoyoma waruke moja kwa moja hadi chini kabisa, nimeandika jinsi ya kurudisha vitu kama vilivyokuwa.

Kwanza tuelewane maneno. Programu ukiiweka kwenye kompyuta haiji tupu. Inakuja na majibu ya mamia ya maswali ambayo hukuulizwa: ikumbuke paswedi au isikumbuke? Isubiri seva kwa sekunde ngapi kabla ya kukata tamaa? Ikubali tovuti kuwasha kamera bila kukuuliza? Majibu hayo yaliyokwishajazwa ndiyo yanaitwa chaguo-msingi, na mtaani tunayaita difolti. Aliyeyajaza ni mtu aliyeijua programu kwa ndani, na mara nyingi aliyajaza baada ya kupokea malalamiko ya watu wengi sana. Ndiyo maana waungwana wengi wa programu huweka kibao mlangoni kabla hujaanza kuyachokonoa.

KIBAO CHA FIREFOX

Kibao maarufu kuliko vyote ni hicho cha about:config. Ukiandika neno hilo pale juu panapokaa anwani ya tovuti, Firefox inafungua orodha ya mipangilio yake yote, maelfu ya mistari, mingi ikiwa haimo kabisa kwenye ukurasa wa kawaida wa mipangilio. Kila mstari una jina, mfano network.proxy.type, na thamani: namba, maneno, au kweli/si kweli. Hakuna maelezo pembeni. Hakuna wa kukwambia kwamba ukiweka 1 badala ya 5 kitatokea nini.

Zamani ulikuwa unaingia tu bila hodi. Firefox 3 ilipotoka Juni 2008 (ile iliyoingia kitabu cha rekodi cha Guinness kwa kushushwa zaidi ya mara milioni 8 ndani ya saa 24) ndipo wakaweka onyo. Kwa Kiswahili chake lilisema: Hii inaweza kufuta waranti yako! Chini yake wakaeleza kwamba kubadili mipangilio hii ya juu kunaweza kudhuru uthabiti, usalama na kasi ya programu, na kwamba uendelee tu kama unajua unachofanya. Kitufe cha kuendelea kilisomeka hivi: Nitakuwa mwangalifu, naahidi!

Huo wa waranti ulikuwa utani, jamani. Firefox ni ya bure na leseni yake inasema wazi kwamba unapewa kama ilivyo, bila dhamana yoyote. Hakuna waranti ya kufutwa. Lakini wapo watu waliolichukulia onyo kwa uzito kabisa, wakauliza kama kompyuta yao ya dukani itakataliwa fundi. Wengine wakaona ni mzaha mtupu wakapita. Hapo ndipo penye tatizo la kuandika onyo kwa utani: mwoga unamtisha bila sababu, na jeuri unamchekesha tu. Baadaye kitufe kikabadilishwa kikawa "nakubali hatari", na toleo la 71 la Desemba 2019 likaja na ukurasa mpya wenye maneno makavu: endelea kwa uangalifu, kisha kitufe cha kukubali hatari na kuendelea. Utani ukaisha. Binafsi naona walifanya vizuri, ingawa naikumbuka ile ahadi kwa mapenzi.

Kitu cha kuchekesha ni kwamba onyo lenyewe nalo lina mstari wake humo humo ndani. Unaitwa browser.aboutConfig.showWarning. Ukiuweka si kweli, halitokei tena. Yaani mlinzi umempa kiti ndani ya nyumba anayoilinda.

ILE "SIRI" YA KUONGEZA SPIDI

Sasa tuje kwenye kilichowapeleka vijana wengi kwenye ukurasa huu. Miaka ya 2004 mpaka 2010 hivi kulikuwa na maelekezo yanazunguka kwenye barua pepe na tovuti za kila aina: weka network.http.pipelining iwe kweli, weka network.http.pipelining.maxrequests iwe 30, halafu weka nglayout.initialpaint.delay iwe 0. Kwisha kazi, Firefox inapaa! Hata leo utayakuta yamenakiliwa mahali.

Tuyachambue moja moja. Kwa kawaida ya enzi zile, kivinjari kilituma ombi moja kwenye muunganisho, kikasubiri jibu, ndipo kikatuma lingine. Pipelining ilikuwa ni kutuma maombi kadhaa mfululizo bila kusubiri. Kinadharia ilikuwa na maana sana kwetu, maana kafe nyingi za Afrika Mashariki zilikuwa kwenye setilaiti kabla ya kebo ya SEACOM kufika pwani yetu Julai 2009, na kwenye setilaiti ombi kwenda na kurudi huchukua kama nusu sekunde au zaidi. Sasa kwa nini waliofanya Firefox waliizima? Kwa sababu seva kadhaa na proksi kadhaa za njiani zilikuwa hazijui kushughulika na maombi yaliyopangana foleni. Zilichanganya majibu. Unaomba picha hii, unaletewa ile, au ukurasa unakatikia njiani. Na kafe zetu karibu zote zilikuwa na proksi katikati ili kuokoa laini! Yaani palepale ambapo ingesaidia ndipo ilipokuwa rahisi kuharibika.

Hiyo 30 nayo ilikuwa ni namba ya kujifurahisha. Programu yenyewe enzi hizo haikuzidisha 8 hata ukiandika mia. Na ile ya tatu? Firefox ilikuwa inasubiri robo sekunde kabla ya kuanza kuchora ukurasa, ili ikusanye vya kutosha kwanza. Ukiweka 0 inaanza kuchora mara moja, kwa hiyo unaona kitu mapema na roho inatulia, lakini inalazimika kuchora na kuchora upya kila kipande kinapoingia. Kwenye mashine yenye kumbukumbu ndogo ukurasa mzima unakuja kukamilika baadaye kuliko mwanzo. Macho yanadanganywa.

Mwaka 2017 pipelining ikang'olewa kabisa kwenye Firefox, maana HTTP/2 iliyotoka 2015 ilikuwa imeshaleta njia bora ya kutuma maombi mengi kwa pamoja. Leo ukiuandika mstari ule, Firefox itakukubalia kuutengeneza kama mstari mpya, utakaa pale, na hautafanya lolote. Sijui niseme ni bahati au ni msiba.

KINACHOTUHUSU SISI WA KAFE

Maonyo haya yote yameandikwa kwa mtu mwenye kompyuta yake. Yanasema "kompyuta yako", "data zako", "nakubali hatari". Sasa kwenye kafe anayekubali hatari ni mmoja, na anayeipata ni mwingine. Wewe unabonyeza saa nne asubuhi, unalipa, unaondoka zako. Saa tano anakaa dada wa watu pale pale anaandika paswedi yake.

Nimekaa kwenye dawati la kafe miaka kadhaa na hili nimeliona kwa macho yangu. Kuna siku ya mwisho ya maombi ya mkopo wa wanafunzi, watu wamejaa mpaka nje. Mashine namba 6 kila anayekaa analalamika intaneti hakuna, wakati zingine zote zinafanya kazi. Nikamwambia kijana aliyekuwa pale, "Mdogo wangu, hebu nipishe kidogo." Firefox ilikuwa inasema seva ya proksi inakataa miunganisho. Kuangalia about:config, network.proxy.type imewekwa 1, yaani proksi ya kujazwa kwa mkono, na anwani ya ajabu ajabu ya nje ya nchi. Kuna mteja wa asubuhi alikuwa ameshika maelekezo ya "intaneti ya bure" kwenye simu, akayajaza kwenye mashine yetu ajaribu. Proksi ile ikaja kufa mchana. Watu watatu walikuwa wameshanyanyuka wakaenda kafe nyingine kwa foleni mpya.

Na mimi nasema afadhali ilikufa! Ingekuwa hai, kila tovuti waliyofungua waliokaa pale ingepitia kwa mtu asiyejulikana. Kwenye tovuti zenye https asingeweza kusoma yaliyomo, lakini angejua unatembelea wapi. Na kwenye zile zisizo na https angesoma kila kitu, paswedi ikiwemo. Kama na cheti chake cha usalama kingewekwa kwenye kivinjari, kama maelekezo mengine ya namna hiyo yanavyodai, basi hata hizo za https angezifungua.

Kwa hilo nawapa heko watu wa Chrome. Ukiandika chrome://flags, onyo lao linasema kuna vitu vya majaribio mbele, unaweza kupoteza data za kivinjari au kuathiri usalama na faragha yako, halafu wanaongeza sentensi moja ambayo wengine wote wameisahau: ulivyowasha vitawahusu watumiaji wote wa kivinjari hiki. WOTE. Sentensi hiyo ningeibandika kwa karatasi juu ya kila skrini ya kafe.

Mfano mwingine wa siku hizi. Kuna mstari privacy.resistFingerprinting, unasifiwa sana kwa faragha, na kweli kazi yake ni nzuri: unazuia tovuti kukutambua kwa alama za mashine yako. Ila moja ya mambo unayofanya ni kuficha saa za eneo lako, tovuti ikaona uko kwenye saa za kimataifa za UTC. Sisi Afrika Mashariki tuko mbele kwa saa 3. Kwa hiyo tovuti inayobadilisha saa kufuata kompyuta yako itakuonyesha kwamba maombi yanafungwa saa 2:59 usiku wakati kweli ni saa 5:59. Hapo umeogopa bure. Lakini fikiria kinyume chake: unaangalia muda wa usaili wa mtandaoni, unaona saa 2 asubuhi, kumbe ni saa 5. Umejipanga vibaya na hujui nani wa kumlaumu. Mwingine ni media.peerconnection.enabled: ukiuzima ili anwani yako ya mtandao isivuje, simu za video za ndani ya kivinjari zinakufa nazo.

Mwenye kujua anavibadili hivi kwa kusudi lake, kwenye mashine yake. Kwenye mashine ya watu, hapana.

KWA NINI HATUSOMI MAONYO

Tusiwalaumu watumiaji peke yao. Kuna utafiti wa Devdatta Akhawe na Adrienne Porter Felt uliotoka 2013, waliangalia maonyo zaidi ya milioni 25 ya Chrome na Firefox yaliyotokea kwa watu halisi. Maonyo ya tovuti zenye virusi na za kitapeli, watu wa Firefox waliyapuuza kama mara moja katika kumi, wa Chrome kama mara moja katika nne. Lakini onyo la vyeti vya usalama, lile linalosema muunganisho si salama, Firefox lilipuuzwa theluthi moja na Chrome asilimia 70.2! Aina moja ya onyo, vivinjari viwili, matokeo mbali kama mbingu na ardhi. Tofauti kubwa namna hiyo huwezi kuisukumia kwenye uvivu wa watu tu. Namna onyo lilivyotengenezwa, na mara ngapi linatokea, nayo ina mkono.

Windows Vista ndiyo ilikuwa darasa. Ilipoingia sokoni Januari 2007 ilileta lile dirisha la kuuliza ruhusa kila programu inapotaka kugusa mfumo. Ukisimika kitu, inauliza. Ukifungua kitu, inauliza. Mwaka 2008 mkubwa mmoja wa Microsoft, David Cross, alisema hadharani kwamba lengo lilikuwa ni kuwaudhi watumiaji, ili watengenezaji programu nao waache kudai mamlaka ya admini bila sababu. Waliudhika kweli! Wengi wakalizima kabisa, na waliobaki wakazoea kubonyeza ndiyo kabla hata dirisha halijamaliza kufunguka. Windows 7 ya 2009 ikalegeza, ikaweka ngazi nne za kuchagua.

Hata onyo kali linaweza kupita. Novemba 2021 Linus Sebastian wa Linus Tech Tips, mtu anayeishi kwa kompyuta, alikuwa anajaribu Linux aina ya Pop!_OS mbele ya kamera. Alitaka kusimika Steam tu, ya kuchezea gemu. Mfumo ukamwambia: unakaribia kufanya jambo linaloweza kudhuru, ukitaka kuendelea andika maneno haya, "Ndiyo, fanya kama nisemavyo!" Akayaandika kwa mkono wake, herufi kwa herufi. Mfumo ukatii, ukafuta mazingira yote ya dawati, akabaki na skrini nyeusi ya maandishi. Kosa la kwanza lilikuwa la kifurushi kibovu, na wenyewe Pop!_OS walirekebisha baadaye. Lakini angalia onyo lenyewe: lilikuwa limezungukwa na orodha ndefu ya majina ya vifurushi, na halikusema kwa lugha ya mtu "dawati lako litafutika". Lilisema tu kuna madhara. Madhara gani?

Kwetu hapa ongeza lugha. Maonyo karibu yote ni ya Kiingereza, tena Kiingereza cha kisheria. Kijana aliyemaliza darasa la saba anakiona kitufe cha buluu anabonyeza cha buluu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, ofisi nzima kwa Kiswahili, na nafikiri faida yake kubwa kuliko menyu ilikuwa ni kusoma programu inakuonya kwa lugha unayoota nayo.

LAKINI SI KILA DIFOLTI NI YA BUSARA

Naomba nisieleweke vibaya. Kuna wanaosema "usiguse chochote, walioiweka wanajua zaidi". Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, sawa, lakini kuna mbachao una kunguni.

Mei 2000 kirusi cha ILOVEYOU kilianzia Ufilipino kikazunguka dunia kwa muda mfupi. Kiambatisho kiliitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Windows kwa difolti ilikuwa inaficha kipande cha mwisho cha jina la faili, kwa hiyo watu waliona .TXT tu, barua ya maandishi, wakafungua. Hiyo difolti ya kuficha ipo mpaka leo, na mimi ni kitu cha kwanza ninachobadili kwenye mashine yoyote ninayokabidhiwa. Ile ya flashi nayo mnaikumbuka: unachomeka, Windows XP inajiendesha yenyewe, kirusi kimeshaingia. Conficker ya mwishoni mwa 2008 ilisafiri kwa njia hiyo pia. Microsoft walibadili kwenye Windows 7, na Februari 2011 ndipo wakalisukuma badiliko hilo kwa XP na Vista. Miaka mingapi flashi zetu zimeteseka?

Na wenye kafe sikieni hapa. Paswedi ya kiwandani ya ruta, ile admin na admin, ni difolti ambayo KUIACHA ndiyo hatari. Mwaka 2016 Mirai ilikamata kamera na ruta kwa mamia ya maelfu kwa kujaribu tu orodha ya majina na paswedi za kiwandani, kama 60 hivi, na Oktoba mwaka huo jeshi hilo likaizamisha kampuni ya Dyn, tovuti kubwa kubwa za Marekani zikapotea kwa saa kadhaa. Hapo hakukuwa na onyo lolote la "badilisha kabla hujatumia".

Halafu kuna difolti za biashara. Kwenye kesi ya serikali ya Marekani dhidi ya Google ilijulikana kwamba Google ililipa dola bilioni 26.3 mwaka 2021 ili iwe injini ya kutafutia inayokuja tayari kwenye simu na vivinjari. Bilioni! Wanajua watu hawabadilishi. Hiyo ukiibadilisha hakuna kitakachoharibika na huhitaji onyo la mtu.

Mimi najiuliza swali moja: hii difolti inamlinda nani? Ile inayozuia tovuti yenye cheti kibovu inakulinda wewe. Ile inayozuia makro kwenye faili za Word zilizotoka mtandaoni, ambayo Microsoft waliiwasha 2022 baada ya zaidi ya miaka 20 ya virusi tangu Melissa ya 1999, inakulinda wewe. Injini ya kutafutia inamlinda aliyelipa.

SIMU NAZO

Android zamani ilikuwa na swichi moja ya "vyanzo visivyojulikana". Ukiiwasha, onyo linasema simu na data zako ziko hatarini zaidi, na ikishawashwa mlango uko wazi kwa kila kitu. Tangu Android 8 ya 2017 ruhusa inatolewa kwa programu moja moja: unaruhusu kivinjari hiki kisimike, kile hapana. Ni onyo bora kwa sababu linakuja wakati ule ule unapotaka kufanya kitu, na linataja nani unampa ruhusa. Wanaosimika zile WhatsApp za kienyeji, GB na nduguze, wanalipita hilo onyo kila siku. WhatsApp wenyewe wamesema hawazitambui na huzifungia akaunti kwa muda. Hiyo ni hasara ndogo. Simu hiyo hiyo ndiyo yenye laini ya pesa, na programu uliyoiruhusu kusoma meseji inasoma na namba za siri za mara moja zinazotumwa na benki.

Na tafadhali, mtu akikwambia ubonyeze F12 kwenye Facebook ubandike maneno fulani "uone nani anachungulia profaili yako", usome yale maandishi mekundu makubwa yanayosema SIMAMA. Facebook wameyaweka pale kwa ajili yako. Siku hizi Firefox na Chrome zinakulazimisha hata uandike kwanza kwamba unaruhusu kubandika. Maneno yale yakishabandikwa yanafanya kazi kwa jina lako, kama vile wewe ndiye uliyebonyeza.

JINSI YA KURUDISHA

Umeshagusa na mambo yameharibika? Tulia. Fungua about:config, kubali onyo. Pale juu kuna kisanduku cha kuonyesha mipangilio iliyobadilishwa tu, kiweke tiki. Iliyobadilishwa inaandikwa kwa wino mzito. Usishtuke ukiona mingi, Firefox yenyewe hubadili mingine inapofanya kazi. Tafuta ule ulioambiwa uubadili, upande wa kulia kuna alama ya mshale wa kurudi nyuma, bonyeza, umerudi kwenye difolti. Ukiona alama ya pipa la taka badala ya mshale, ujue mstari huo hauna difolti kwenye Firefox ya sasa, huenda mtu aliutengeneza, ufute tu. Ya proksi ni network.proxy.type, na difolti yake ni 5, maana yake fuata mfumo wa kompyuta.

Umefuta ila kila ukifungua Firefox inarudi? Kuna faili linaitwa user.js ndani ya folda ya wasifu wako, linasomwa kila Firefox inapowaka na kuandika juu ya yote. Fungua about:support utaiona folda hiyo, funga Firefox, ondoa faili. Kama hukumbuki hata ulichogusa, kwenye about:support hiyo hiyo kuna kitufe cha kuburudisha Firefox: kinabakiza alamisho na paswedi, kinatupa viongezo na mipangilio uliyobadili. Kwenye kafe usibonyeze bila kumuuliza mhudumu.

Kwa wenye kafe: Firefox tangu 2018 inakubali faili la policies.json lenye sera ya BlockAboutConfig. Ukiiweka kweli, ukurasa ule haufunguki kabisa kwa mteja. Funga na proksi humo humo, maana nayo inabadilika kwa mlango wa mipangilio ya kawaida. Wanaotumia Deep Freeze tayari mko salama kiasi, mashine ikizimwa na kuwashwa inarudi ilivyokuwa, lakini ni wangapi mnaizima kati ya mteja na mteja? Namba 6 yetu siku ile ilikuwa nayo. Ilikuwa haijazimwa tangu asubuhi.